Sufuria ya Siku Tatu

Matiliku,
Jumapili, 4 Mei 2025

Kwa mwanangu Kathini, Mama Kui,

Bwana Yesu asifiwe sana. Nakusalimu mimi mama yako Kanyiva, niko mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo unalijua. Baba yako Kiema anakusalimu, mgongo wake umetulia tangu punda achukue kazi ya maji. Susu Kanini nyanya yako anakusalimu, bado anauliza kama umeolewa, tukisema ndiyo anauliza mbuzi wako wapi. Ndugu yako Musyimi anakusalimu, amerudi shule jana na lile sanduku lako la bati, kufuli imekataa kufunga. Baba yako mkubwa Mwau anakusalimu kutoka Mukuyuni, ingawa alikuwa na hasira, nitakueleza. Mama mchungaji anakusalimu. Hata ile mbuzi ya sikio moja ingekusalimu, imezaa. Na wewe nisalimie Ngure baba Kui, nisalimie Kui wangu, mwambie susu yake amemwekea yai. Ukiongea na mama yake Ngure huko Murang'a, mwambie namwombea.

Sasa jambo lenyewe.

Alhamisi Mama Ndululu alirudi kutoka huko Malili kuuza ndengu, akapita hapa kabla hajafika kwake, mzigo bado kichwani. Nikajua ana neno. Akanipa mkebe wangu niliokutumia na unga, umeoshwa vizuri, na ndani kipande cha sabuni, nusu buluu nusu nyeupe. Akasema, "Kanyiva, mimi si mtu wa kusema mambo ya watu." Na wewe unajua akianza hivyo, tunatafuta kiti.

Anasema alifika kwako saa saba. Alikuta sufuria imefungwa blanketi ndani ya kiondo kama mtoto mgonjwa. Ukafungua, ukampakulia yeye, ukampakulia Ngure, ukampakulia Kui. Wewe ukabaki na mwiko mkononi. Akakuuliza, "Na wewe?" Ukasema, "Nimeshakula." Kui akamwambia hiyo githeri ni ya juzi. Majani ya chai yalikuwa yameanikwa juu ya gazeti, ati yapikwe tena. Simu umezima mpaka Jumapili jioni. Ndiyo maana nikipiga kwa simu ya Musyimi naambiwa mteja hapatikani, mimi nikidhani umenikasirikia.

Shida ni kwamba sauti ya Mama Ndululu haijui kunong'ona, na Mwau alikuwa ameketi hapo nje na baba yako. Akasimama. Akasema, "Mtu hajaleta hata mbuzi mmoja wa ntheo, wa kufungua mahari, na msichana wetu anashikilia mwiko tu? Huyo hajaoa, huyo amekodi! Nitaenda nimrudishe." Musyimi akasema, "Mama, hiyo inaitwa bajeti." Mama Ndululu akasema yeye alisema tu alichoona.

Mimi nimechanganyikiwa, mwanangu. Kama una njaa, mbona unanitumia sabuni? Na kama huna njaa, mbona hiyo sabuni ni vipande vimegandamizwa? Nimeigeuza geuza, sijui niogee ama niililie.

Ningekuja kuona kwa macho yangu. Lakini unajua ukoo wa baba yako. Mama wa msichana havuki mlango wa mkwe, wala haonji chakula cha nyumba hiyo, mpaka mbuzi watatu wa ntheo wafike. Ni miaka mitano naangalia barabara ya Malili kama mtu aliyefungwa kamba mguuni.

Swali langu ni moja tu. Unakula?

Mama Ndululu atakuwa huko Alhamisi ya tarehe kumi na tano. Mpe karatasi, hata ya mstari mmoja. Usimpe maneno ya mdomo, anayaongeza chumvi njiani.

Mimi mama yako,
Kanyiva


Malili,
Alhamisi, 15 Mei 2025

Mpendwa Mwaitu, mama yangu,

Nimefurahi mpaka nikacheka peke yangu kusoma salamu za mbuzi. Sisi tuko sawa. Kui anakusalimu, sasa ana susu wawili, wa Matiliku anamwita susu na wa Murang'a anamwita cucu, na akikosea anajisahihisha mwenyewe. Ngure anakusalimu, yuko na kazi nyingi, leo ametoka mapema. Malili ni upepo na vumbi, nguo nikianika zinarudi chafu.

Mama Ndululu ameketi hapa mlangoni ananiangalia nikiandika, kwa hivyo nitaandika haraka.

Mwaitu, hayo yote aliyoona ni akili ya nyumba, na mwalimu ni wewe! Sufuria kwa blanketi, si ulikuwa unafunga muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, kwa lile shuka lako la zambarau, ukisema moto ukishachemsha kazi yake imeisha? Mimi naloweka mahindi na maharagwe usiku, nachemsha asubuhi mara moja, naweka kwa kiondo, mchana imeiva bila makaa. Napika ya siku tatu kwa sababu moto wa kuwasha mara tatu ni makaa ya bure. Makaa yakibaki nafunika na jivu, kesho nafukua yako hai. Sabuni zikibaki vijipande naziloweka kwa kopo na kuzigandamiza. Maji ya kuosha mboga yanaenda kwa gunia la udongo nililopanda sukuma hapo nje. Unga na mafuta nanunua na jirani yangu pamoja, mkebe mzima wa gorogoro tunagawana, badala ya kupimiwa kidogo kidogo kwa kibanda kila jioni. Taa ni moja, ile ya jikoni, na Kui anajua kuimba "zima taa" kuliko nyimbo za Sunday school. Wamama wa ploti wanakuja kuniuliza, wananiita Madam Bajeti.

Na hiyo ya sahani isikusumbue. Wewe mwenyewe ulikuwa huketi na sahani. Mwaka ule wa njaa nikiwa darasa la tano, ulikuwa unatupakulia sisi, unasema umeshakula kanisani kwa mkutano wa akina mama. Ilikuwa akili nzuri, nyumba inasaidiwa chakula cha mtu mmoja. Mimi tu huku sijapata kanisa linalopika.

Mwambie baba mkubwa aweke bakora chini. Hakuna mtu ananitesa.

Ila nikumbushe kitu, hilo jivu ulikuwa unachekecha kwanza ama unaweka tu? Langu wakati mwingine linaua moto.

Wako,
Kathini


Matiliku,
Jumapili, 22 Juni 2025

Kwa mwanangu Kathini,

Salamu katika jina la Bwana. Usinilaumu kwa kuchelewa. Mama Ndululu alikuwa Kitui kwa matanga ya dada yake, akakaa huko mwezi mzima, na mimi barua siwezi kumpa mtu yeyote tu. Baba yako ni mzima. Susu Kanini alianguka kidogo lakini ameamka, anadai ni paka alimsukuma. Musyimi yuko shule. Mbaazi zimetoa maua halafu zikakauka, ndengu tumepata debe na nusu. Kui amepona mafua? Mama Ndululu alisema alikuwa na mafua.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilifurahi, ya pili nilicheka, ya tatu nikaona hujanijibu. Nilikuuliza kitu kimoja, ukanijibu vitu kumi. Nikatafuta neno "nakula" kwa karatasi yote, kwa ile miwani ya baba yako, sikulipata.

Jivu unachekecha. Lile la ndani, laini, si lile la mavumbi. Na usigandamize, unanyunyiza kama unavyomfunika mtoto uso.

Hiyo ya mimi na kanisani nitakueleza siku nyingine.

Sasa nisikie. Nilimsomea baba yako. Akasema, "Huyo msichana ana akili." Nikamsomea Mwau, akasema, "Hiyo ni barua ya mtu ameambiwa aandike." Nikamsomea mama mchungaji, akasema tuombe. Nikabaki na majibu matatu na hakuna linaloketi. Mimi mwenyewe nikijaribu kukumbuka, siku moja naona nilikufundisha vizuri, siku nyingine naona nilikufundisha vibaya. Jana nilichukua sufuria nikaifunga blanketi nione inafananaje. Nikaiangalia nikashindwa kujua kama hii ni nyumba yenye akili ama nyumba yenye shida. Zinafanana, Kathini. Kwa nje zinafanana kabisa.

Na Ngure mbona "ametoka mapema"? Mama Ndululu anasema amemwona mara mbili ameketi kwa mawe hapo kwenye malori, saa za kazi. Sikusema kitu. Nauliza tu.

Mwau ameweka siku. Jumamosi tarehe mbili Agosti anakuja huko na wazee wawili. Anasema akikuta unakula vizuri atakunywa chai arudi. Akikuta vingine, anakubeba na Kui mnarudi Matiliku, na huyo mtu wa Murang'a atawafuata na mbuzi kama ana haja. Nimemwambia mtoto wa watu hachukuliwi kama gunia. Ananiambia, "Kanyiva, sasa wewe uko upande gani?" Mimi sijui niko upande gani. Niko upande wa wewe kula.

Usinijibu kwa maneno ya gorogoro. Nijibu hilo.

Mama yako,
Kanyiva


Malili,
Alhamisi, 24 Julai 2025

Mwaitu,

Nisamehe nimekaa mwezi. Nimeandika barua hii mara nne na mara nne nimeiwashia jiko. Kui ni mzima.

Unataka nijibu, haya.

Ngure hana kazi tangu Januari. Lile duka la hadiwea alilofanyia kazi lilipata mwenyewe mpya, akaja na watu wake. Anaamka saa kumi na moja, anangojea malori ya kupakua saruji. Siku anapata, siku hapati. Sikukuandikia kwa sababu ningeandika, Mwau angejua kabla wino haujakauka.

Mchana sili. Jioni nakula kidogo, wakati mwingine ukoko. Ngure hajui. Nikisema nimeshakula anaamini, kwa sababu ananiamini. Kwa hivyo mtu akija hapa kumgombeza juu ya sahani yangu, atakuwa anamgombeza mtu ambaye hajui ni nini kimetokea.

Na si kwamba hatuna kabisa. Kuna mkebe. Kila kinachobaki, cha makaa, cha sukari, cha taa, cha sahani yangu, kinaingia humo. Ni wa mbuzi. Mbuzi wawili wako karibu kutosha, wa tatu bado. Nilitaka tuwalete Desemba, wote watatu siku moja, baba mkubwa akose la kusema.

Sifanyi hivi kwa sababu ya Mwau. Ni kwa sababu Kui ana miaka minne na hujawahi kuketi kwa kiti changu. Nikipika kitu kizuri nakifikiria mdomoni mwako. Wamama wa hapa mama zao wanakuja, wanakosoa mapazia, wanaenda. Nami nataka unikosolee mapazia.

Wewe uliweza mwaka ule, na sisi tukashiba. Mimi pia naweza mpaka Desemba.

Na nikuulize na wewe. Debe na nusu ya ndengu kwa watu wanne, mbaazi hakuna. Wewe unakula?

Kathini


Matiliku,
Jumapili, 27 Julai 2025

Kwa Kathini mwanangu, kwa Ngure mwanangu pia, kwa Kui,

Nawasalimu wote watatu kwa jina la Yesu. Safari hii nimemtaja Ngure juu kwa sababu nataka asome. Baba yako anawasalimu. Susu Kanini anawasalimu, leo amenitambua asubuhi yote. Musyimi ametuma salamu kutoka shule. Mwau sijui kama anawasalimu, nitakuambia kwa nini.

Barua yako nimeisomea nyuma ya zizi, peke yangu. Nimeketi huko mpaka kuku wakaanza kuingia.

Wacha nianze mimi kusema ukweli, kisha wewe uwe na pa kushika. Umeniuliza kama nakula. Nakula mara moja, jioni. Asubuhi ni chai ya rangi. Hatufi, lakini ndivyo ilivyo, na sikuandika kwa sababu hiyo hiyo yako.

Na ile ya kanisani. Kathini, kanisani hakukuwa na chakula. Hakuna siku mkutano wa akina mama ulipika mwaka ule, tulikuwa tunaimba tu na kurudi. Nilikuwa nasema hivyo ili msiniangalie mkila. Nilikuwa nikitoka na Biblia, napita njia ya nyuma, naketi kwa kisima mpaka mmalize. Siku moja nilianguka hapo, Mama Ndululu ndiye aliniinua. Ndiyo maana alipokuona na mwiko mkononi, alikuja kwangu mbio na mzigo kichwani. Alikuwa ameona mtu anayemjua.

Nilidhani nimewaficha njaa. Kumbe niliwafundisha. Nilipaka njaa jina zuri, nikaiita akili ya nyumba, na wewe ukaibeba mpaka kwako kama kitu cha urithi. Hilo ndilo nilikuwa sielewi tangu Mei. Nilikuwa natafuta ni nani anakutesa, Ngure ama ukame ama tabia za Malili, na kila nikitafuta narudi kwa sufuria yangu mwenyewe.

Sasa nikutenganishie, kwa sababu mimi ndiye nilichanganya. Blanketi la sufuria endelea nalo. Kuloweka maharagwe endelea. Jivu, endelea, ukichekecha. Gorogoro na jirani, ni vizuri sana. Sabuni yako nimeogea, ina povu kuliko ya duka. Taa izimwe. Hayo ni akili kweli, niliyapata kwa mama yangu huko Kitui na yeye alikuwa mtu anayeshiba. Lakini sahani yako si makaa. Huwezi kuifunika na jivu uikute kesho.

Fungua huo mkebe. Nunua unga, nunua maharagwe, nunua mafuta. Mbuzi wawili wale waliokuwa karibu, uwale. Usilie ukisoma hapo, mimi nimeshalia ya watu wawili. Unakaa njaa ili mimi nije nikuone ukikaa njaa? Niingie kwako, niketi kwa hicho kiti, nipakuliwe, na wewe usimame na mwiko uniambie umeshakula? Hiyo nyumba singeivuka hata kwa mbuzi mia.

Nilimwambia baba yako yote. Sikuficha hata la kisima. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mbuzi ambaye hajanunuliwa hazeeki. Wangojee." Akavaa koti, akachukua bakora, na huo mgongo wake, akaenda Mukuyuni kwa ndugu yake kwa miguu. Hajarudi. Kwa hivyo Mwau kuja Jumamosi au kutokuja, sijui. Akija, mpeni chai na mumweleze ukweli, kazi iliisha Januari. Ni mtu wa kelele lakini hajawahi kumpiga mtu aliyesema kweli.

Na mwambie Ngure. Leo, kabla ya chakula. Usiponiahidi nitamwambia mwenyewe, na unajua vile ni aibu mama mkwe kuongea na mkwe mambo ya tumbo. Usiniletee hiyo aibu. Ngure, kama unasoma hapa, mwanangu, sikulaumu. Mimi pia niliwadanganya watu wenye akili kuliko wewe, na walikuwa wanne.

Sasa sikia nilichoamua. Alhamisi hii, tarehe thelathini na moja, nakuja Malili na Mama Ndululu. Usishtuke. Ukoo ulisema mlango, na mlango sitavuka. Nitaketi nje, hapo Mama Ndululu anapotandika gunia lake la ndengu kando ya barabara. Nitakuja na muthokoi yangu ndani ya blanketi langu, na kunde, na yai la Kui. Ni chakula cha nyumba yangu, hakuna mzee ana neno juu yake. Wewe utatoka na vijiko vitatu na Kui mkononi. Tutaketi kwa gunia, utakula, na mimi nitakula, na nitakuangalia ukitafuna na kumeza mpaka sahani iishe. Watu wa malori wakituangalia waache waangalie. Mapazia utayafungulia dirisha, niyakosoe nikiwa huku nje.

Goti litauma, najua. Limeuma kwa mambo madogo kuliko haya.

Barua hii nimempa Mulinge wa lori la mchanga, anapita hapo kesho asubuhi na kurudi huku Jumatano. Usimwache apite bure. Mwandikie mistari miwili tu, wa kwanza kama umemwambia Ngure, wa pili umekula nini Jumatatu mchana. Na uandike kwa mkono wako, haraka, kwa sababu sitaloweka mahindi mpaka nisikie.

Mama yako,
Kanyiva